Picha za angani: tatizo halikuwa kasi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kikosi cha Uingereza cha kupiga picha za kijasusi kutoka angani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, imeisifu mno kasi ya ndege ya kivita ya Spitfire. Ni kweli ndege ile ilivuliwa bunduki zake zote, kamera zikapachikwa mabawani. Lakini kasi ilimrudisha rubani salama tu. Haikuhakikisha kwamba picha itasomeka.

Chukueni safari ya kwanza ya Spitfire ya picha, Novemba 18, 1939. Rubani Maurice Longbottom aliruka kutoka Seclin, Ufaransa, akapiga picha kutoka kama futi 33,000 kwa lenzi ya inchi 5 (huo ni urefu wa fokasi, si upana wa kioo). Hiyo ni skeli ya 1:79,000 hivi: milimita moja ya filamu ni karibu mita 80 ardhini. Nyumba huioni, sembuse kifaru.

Dawa ikawa lenzi ndefu, inayokuza zaidi: inchi 20, baadaye 36. Nayo ikaja na taabu zake. Kwa inchi 20 kutoka futi 30,000 unapata 1:18,000, lakini filamu ya kamera ya F24, inchi 5 kwa 5, inachukua eneo la kilomita 2.3 tu kila upande. Ndege ikiinama ubavu nyuzi 10, kitovu cha picha kinahama mita 1,600, na shabaha haimo tena. Rubani mwenyewe haoni kilicho chini ya tumbo la ndege, kwa hiyo hajui kama amekosa.

Kisha kuna saa ya kamera, inayopanga muda kati ya picha na picha, ambayo hamkuigusa kabisa. Kila picha ilitakiwa ipande juu ya iliyotangulia kwa asilimia 60, ili wasomaji wa picha kule Medmenham, kituo chao Uingereza, waziweke mbili mbili chini ya stirioskopu, kifaa kinachounganisha picha mbili ziwe moja yenye kina: jengo linasimama, shimo linazama. Kwa maili 300 kwa saa, ni picha moja kila sekunde 7 hivi. Ukiitega saa sekunde 14, zinapandana chini ya asilimia 20 na sehemu kubwa ya eneo inabaki bapa. Ukiitega 20, kunabaki mapengo. (Yote haya kama lenzi haijaganda unyevu, ndiyo maana joto la injini lilivutwa hadi kwenye kamera.)

Mabawa ya V-1, bomu la Wajerumani lililoruka kama ndege, yalikuwa na upana wa mita 5.3. Kwenye 1:18,000, hiyo ni milimita 0.3. Vitu vidogo namna hiyo ndivyo alivyokuwa akivisaka msomaji wa picha Constance Babington Smith katika picha za Peenemünde, kituo cha Wajerumani cha kujaribia silaha, mwaka 1943, na ndege hiyo isiyo na rubani akaipata. Makala yenu imetaja marubani, yeye hayumo.

Mpima ardhi,
Morogoro