Nilienda kuuguza, na nilitembea pia

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni tangu turudi, na nikilisema kwenye grupu la familia najua litazaa mengine.

Mwaka huu nilikaa Chennai, kule India ya kusini, karibu miezi minne kuanzia Januari, nikimuuguza mama yangu mzazi aliyeenda kutibiwa saratani. Jioni moja nikaweka picha status: Mama yuko ufukweni kwenye kiti cha magurudumu, ana asumini kichwani, anacheka mpaka pengo linaonekana. Haikupita nusu saa shangazi mmoja akaandika kwenye grupu "kumbe michango yetu ilikuwa ya kupunga upepo", wengine wakaweka vile vikatuni vya kucheka, na mimi kwa uoga nikaifuta ile picha. Mpaka leo najuta kuifuta.

Sasa jamani, ambao hamjawahi kuuguza nje ya nchi ngoja niwaambie siku inavyoenda. Mionzi yenyewe ni dakika chache tu, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki sita, ukijumlisha na foleni saa nne asubuhi mmeshamaliza. Baada ya hapo ni lodge. Vitanda viwili, feni, jiko la kushea kwenye korido na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Wiki za kwanza tulikaa humo kama mahabusu, Mama hali, halali, analitazama tu lile feni, mimi nacheza na simu mpaka bando linaisha. Aliyetutoa ndani wala sio mimi, ni daktari, alinifokea kabisa, akasema huyu mama atembezwe jioni jua likipoa.

Ila hata kabla ya kutoka getini kuna kitu kilitokea jikoni. Yule dada anayepika pale lodge (wote tulimwita akka, ndo dada mkubwa kwa Kitamil) alikuwa na kisu cha ajabu, kimesimama kwenye ubao, makali yanamtazama mpikaji, yeye anakanyaga ubao kwa mguu alafu anasukumiza kitunguu kwenye makali badala ya kisu kwenda kwenye kitunguu. Kule nchani kina meno ya duara. Mama akasogea, akainama, akasema, "We mwanangu, hii si mbuzi yetu hii, wameiongezea kisu?" Akka akampa kizio cha nazi ajaribu. Mama akakaa chini na udhaifu wake wote akakuna nazi nzima, hakuzungumza na mtu, na mchana ule ndo mara ya kwanza tangu tufike alimaliza sahani ya wali. Mimi nilienda kulia bafuni.

Tulifika karibu na Pongal, sikukuu yao ya mavuno katikati ya Januari, miwa mizima mizima inauzwa kila kona utadhani Turiani. Mwenye lodge akabandika chungu uani, maziwa, mchele mpya na sukari guru, familia nzima imezunguka, wanachosubiri ni maziwa yafurike yamwagike! Yakimwagika ndo heri ya mwaka, watoto wanapiga kelele "Pongalo Pongal!" Kwetu maziwa yakifurika unaulizwa akili yako umeiacha wapi.

Asumini nazo. Kila kona kuna mama amekaa na kapu la maua yaliyotungwa kwenye uzi, na hapimi kwa mizani, anapima kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, wao wanaita mozham, yaani ni dhiraa ile ile ya bibi zetu. Mama akaniambia tusinunue kwa mfupi, tutafute muuzaji mwenye mkono mrefu. Kuanzia hapo kila jioni kazi yake ikawa kukagua mikono ya watu, na nywele alikuwa hana, zimetoka zote na dawa, maua tunayabana kwenye kilemba.

Ufukwe wenyewe unaitwa Marina. Mrefu huoni mwisho, na mpana, ukishuka barabarani kuyafikia maji unakata mchanga mpaka magoti yanauma, sasa mgonjwa utamvukishaje? Nilishamwambia Mama tutaishia kuona bahari kwa mbali. Kumbe tangu 2022 kuna njia ya mbao ya watu wenye ulemavu na wazee, mita 263, inatoka barabarani inakata mchanga wote mpaka karibu na mawimbi, bure. Nikakisukuma kile kiti cha magurudumu mpaka mwisho wa mbao. Kuoga hawaruhusu, maji yanavuta watu, lakini upepo ni ule ule wa kwetu wenye chumvi, na kuna mahindi ya kuchoma yanapakwa ndimu na pilipili, na dengu za kuchemsha zenye nazi na embe bichi. Mama akauliza Tanga iko upande gani. Tukakosea sote wawili, tukaonyesha mbele huko majini, kumbe ile pwani inatazama mashariki na kwetu kuko nyuma ya mgongo. Ile picha iliyomkera shangazi ilipigwa hapo.

Safari moja tu tulienda mbali, Mahabalipuram, kilometa karibu 60 kusini, na jirani yetu wa lodge, mama wa Kibangladeshi anayemuuguza mumewe (Wabangladeshi wako wengi sana pale kwa matibabu). Kuna hekalu la mawe kandokando ya bahari la miaka kama 1,300 iliyopita. Getini mgeni analipa rupia 600, Mhindi 40, na Mbangladeshi naye 40 kwa sababu ya makubaliano ya nchi zao. Nilisonya. Jirani akaingia, sisi tukaliangalia tukiwa nje kwenye mchanga, linaonekana vizuri tu. Ila ule mchongo mkubwa uko barabarani, mwamba mzima umechongwa tembo wa saizi ya tembo kweli, na chini pale yuko paka kasimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu, anajifanya mcha Mungu, na panya wamemzunguka wanamheshimu. Mama alicheka sana. Simtaji mtu.

Ramadhani ikatukuta huko huko. Alasiri misikitini wanagawa uji wa futari, mchele na dengu na kitunguu saumu, watu wanapanga foleni na vyombo vyao toka nyumbani, basi na mimi na kidumu changu nikapanga, hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Na kwa kuwa hoja ilikuwa hela, hesabu ni hii. Ufukwe bure. Uji bure. Mabasi ya kawaida ya mji wanawake hawalipi nauli tangu 2021, konda anakupa tiketi ya sifuri anapuliza filimbi gari linaondoka. Kahawa ya maziwa ya kibandani rupia 20. Kilichokula hela ni bajaji za wiki ya kwanza (wenyewe wanasema auto, ukisema bajaji hawakuelewi) na dalali aliyetupokea uwanja wa ndege akatuchaji chumba karibu mara mbili ya bei, nyie mlioko kwenye maandalizi msikubali kulipia chumba kabla hamjakiona, lipieni siku mbili kwanza alafu mtembee mtaani muulize wenyewe.

Mhariri, nakuomba jambo moja. Gazeti lenu hutoa sana habari za wagonjwa kuchangiwa nauli na matibabu na mnafanya vizuri, basi siku moja waulizeni na waliorudi, waliokaa huko miezi walikuwa wanafanya nini kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku. Picha nimeiambatanisha, Mama alikuwa nayo kwenye simu yake. Ameruhusu mwenyewe ichapwe, ila amesema mkate pale miguuni, soksi za hospitali zimeonekana.

Muuguzaji,
Tanga