Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Kwa kawaida mwenyekiti huanza na mapato na matumizi. Leo mniwie radhi: hesabu atazisoma mweka hazina, mimi nitaanza na Sista, muuguzi aliyetufundisha kupanga maua katika chama hiki.

Ametutoka akiwa amevuka miaka 80. Wengi mmemkuta ameshakuwa bibi wa mkongojo, lakini alianza uuguzi pale Upanga, Muhimbili ikiwa bado inaitwa Princess Margaret, jina iliyofunguliwa nalo mwaka 1956 na kuliacha baada ya Uhuru. Enzi hizo dripu zilikuja kwenye chupa za kioo. Zikiisha, Sista alizichemsha, akazipanga dirishani wodini na kutia asumini na mrihani wa kwao. Darasa lake la kwanza la kupanga maua lilikuwa hilo.

Wakubwa wake walitaka maua yatolewe wodini usiku, eti yanawamalizia wagonjwa hewa. Alitii, huku moyoni akibisha. Miaka mingi baadaye alifurahi mno kusikia kwamba Florence Nightingale, ambaye siku aliyozaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, aliicheka imani hiyo tangu karne ya 19: hewa inayotoka kwenye maua usiku haiwezi kudhuru hata nzi. Kilichomkera Sista ni maji. Maji yaliyolala kwenye chombo huzaa bakteria, na wodi nyingi za mahututi siku hizi hazipokei maua kabisa. Amri hiyo hakuwahi kuilalamikia.

Sisi alitufundisha kwa nidhamu ileile ya zamu. Shina hukatwa mshazari, likiwa ndani ya ndoo ya maji, lisije likavuta hewa. Jani litakalozama linatoka. Maji mapya kila asubuhi. Ndizi mbivu zikae mbali, kwa sababu gesi yake huzeesha ua upesi. Aliyewahi kuleta mezani chombo chenye jani linaelea anajua alichoambiwa, tena mbele ya watu.

Mawaridi ya Arusha hakuyachukia. Alichokataa ni sisi kukaa tukisubiri basi huku uani kuna asumini na mikadi. Alipenda kutukumbusha kwamba wanawake wa Pwani walikuwa wakifunga vikuba, yaani vishada vidogo vya kunukia, vya vilua na mrihani kwa uzi zamani sana, kabla chama chetu hakijafikiriwa. Najua baadhi ya wanakamati wanaona huo ni ushamba. Mimi niko upande wa Sista.

Ndiyo maana siku ya mazishi, Kinondoni, tuliamua lisiwepo ua hata moja la plastiki kwenye shada letu. Haikuwa rahisi, maana mashada ya plastiki ndiyo yaliyozoeleka. Wenzetu wa Kigamboni walileta makuti machanga, wengine asumini kwenye vitambaa vilivyoloweshwa, tukasuka usiku kucha. Jua la saa nane lilianza kulisinyaza kabla ibada haijaisha, na minong'ono niliisikia. Niseme wazi: ua kusinyaa si aibu ya mpangaji. Shada la plastiki linalopauka kaburini miezi na miezi, hilo ndilo linalonisumbua.

Mengine kwa ufupi. Maonesho hayakufanyika, kodi ya ukumbi ilitushinda. Darasa la vijana la Jumamosi limeendelea, na vijana wa kiume wameanza kuja, jambo ambalo Sista alilitamani sana. Familia yake imetukabidhi mikasi yake ya kupogolea na zile chupa za dripu zilizosalia. Kamati inapendekeza vitumike darasani, visifungiwe kabatini. Mtapiga kura kwenye ajenda ya nne. Pia tunatafuta wa kushika zamu yake ya kupeleka maua hospitalini, kwenye wodi zinazoruhusu. Atakayejitolea ajue kubadilisha maji kumo.

Wanaodaiwa ada wamwone mweka hazina kabla ya chai. Baada ya chai huwa hapatikani.