Namba ya kwenye boksi la ruta si kasi ya intaneti yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu jambo moja kuhusu ruta za waifai za nyumbani, kwa sababu naona watu wengi wa kipato cha kawaida wanalipia kasi ambayo haitawafikia kamwe.

Mwaka jana, baada ya kuunganishiwa faiba hapa Tanga, nilikwenda dukani kutafuta ruta nyingine, kwa kuwa ile niliyowekewa na mafundi ilikuwa haifiki chumba cha watoto. Muuzaji alinionyesha boksi lililoandikwa AC1200, akanihakikishia kwamba nitapata megabiti 1,200 kwa sekunde, nami nikalipa fedha ambazo zingetosha kununua vifurushi vya miezi kadhaa. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba namba ile ni jumla tu: megabiti 300 za bendi (yaani masafa ya mawimbi ya redio) ya gigahezi 2.4 zimejumlishwa na 867 za bendi ya gigahezi 5, kisha hesabu ikasogezwa juu hadi 1,200. Simu ya kawaida hutumia bendi moja kwa wakati mmoja, na hata hizo 867 ni kipimo cha kinadharia ambacho nyumbani hakifikiwi. Kubwa zaidi, kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde, na hakuna ruta, hata ingekuwa na antena nane, inayoweza kutoa intaneti nyingi kuliko inayoingia kwa waya.

Tatizo la chumba cha watoto lilikuwa jingine kabisa. Ruta ilikuwa imewekwa sakafuni karibu na mlango wa mbele, pale waya ulipoingilia, na kati yake na chumba hicho kulikuwa na kuta mbili za matofali ya saruji. Bendi ya gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini hudhoofika haraka inapokutana na ukuta. Ile ya 2.4 hupenya vizuri zaidi, ingawa husongwa na waifai za majirani. Fundi wa mtaani alivuta waya wa mita 10 kutoka kwenye kiboksi cha faiba, akaipandisha ruta ile ile ya kwanza juu ya kabati la koridoni, katikati ya nyumba, na watoto wakapata intaneti siku hiyo hiyo kwa gharama isiyofika robo ya bei ya ruta niliyonunua.

Sisemi kwamba ruta ya bei ya juu haina kazi. Mwenye kifurushi kinachozidi megabiti 100 anapaswa kuulizia matundu ya waya yaliyo nyuma, kwani ruta nyingi za bei nafuu zina matundu yasiyopitisha zaidi ya kiwango hicho. Anayetumia ruta ya laini ya simu ahakikishe haijafungwa kwa mtandao mmoja. Na mahali ambapo nisingebana matumizi hata kidogo ni usalama: ruta iwe na ulinzi wa WPA2 au WPA3, yaani viwango vya kulinda mawasiliano ya waifai, na mtengenezaji wake awe bado anatoa masasisho ya programu yake, jambo ambalo ruta nyingi za mitumba zimekwisha kulipoteza.

Ninawaomba wenye maduka, kabla ya kumshushia mteja boksi kutoka rafuni, wamuulize kwanza kifurushi chake ni cha megabiti ngapi na nyumba yake ina kuta ngapi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga