Barua ya Kufunga Muhula: Ripoti Zilizochelewa na Namba Sita za Siri

Ndugu wazazi na walezi,

Salamu. Muhula umekwisha, watoto wamerejea nyumbani salama, na wengi wenu mmeshaniuliza kwa nini ripoti zimechelewa siku 3. Nimeona niliandike jibu mara moja, badala ya kulirudia kwa kila anayepiga simu.

Mwalimu mmoja aliingiza alama za majaribio kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta, kama la Excel) kama alivyozoea kuziandika kwa kalamu: 7/10, 9/10, 10/10. Kompyuta haikuona alama, iliona tarehe. Saba kwa kumi ikawa tarehe 7 Oktoba, tisa kwa kumi ikawa tarehe 9, na darasa zima likawa kama limezaliwa mwezi mmoja. Alipogundua, akaigeuza safu ile iwe ya maandishi akitegemea alama zitarudi. Wapi! Palipokuwa na 7/10 pakatokea 45937. Kumbe programu hizi huitunza tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, na tarehe 7 Oktoba 2025 ndiyo siku ya 45937. Ikabidi mimi na mwalimu wa taaluma tukae na daftari la alama, mmoja anasoma, mwingine anaingiza. Kosa ni letu na nawaomba radhi.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kwamba wamebadili majina ya baadhi ya jeni, kwa kuwa ukiandika SEPT1 au MARCH1 kwenye Excel unapata Septemba mosi na Machi mosi. SEPT1 sasa inaitwa SEPTIN1. Sisi hatukuhitaji kufika huko. Kuanzia sasa mwalimu anaandika 7 peke yake, na maneno “kati ya 10” yanakaa juu ya safu. Hata kujumlisha kunakuwa rahisi. Namba za usajili, ambazo nyingi zinaanza na sifuri, tunaziwekea safu ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Nanyi mnaotunza orodha za wateja au wanachama fanyeni hivyo kwa namba za simu, la sivyo sifuri ya mwanzo itayeyuka na hamtajua imekwenda lini. Kwa seli moja tu, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, tanguliza ritifaa (') kisha andika namba yako. Yenyewe haitaonekana kwenye seli.

Jambo la pili lilinikosesha usingizi kuliko hilo la alama. Mzazi mmoja alipata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejifanya mimi, mwenye picha yangu kabisa. Ujumbe ulisema kwamba shule inahamisha kikundi cha wazazi cha WhatsApp, na kwamba atapokea namba 6 kwa ujumbe mfupi, azitume haraka. Akazituma. Dakika chache baadaye “yeye” akaanza kuwaomba wenzake fedha za dharura kikundini, na wawili walikuwa wameshaanza kutuma ndipo mmoja akapiga simu kuuliza.

Hebu tazameni ujanja wenyewe ulivyo mwepesi. Mwizi anaweka programu ya WhatsApp kwenye simu yake na kuingiza namba yako. Programu inatuma namba za uthibitisho kwako, kwa sababu laini unayo wewe. Kilichobaki ni akuombe umpe. Hakuvunja chochote, ulimfungulia mlango mwenyewe. Kwa hiyo lishikeni hili hata kama mengine yote yatawatoka: shule haitamwomba mzazi namba za uthibitisho hata siku moja, iwe mimi, mhasibu au mwalimu wa darasa. Anayeziomba ni mwizi, hata akiwa na picha yangu. Picha yangu iko kwenye kila kalenda ya shule.

Likizo hii fungueni mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, muwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Mtachagua PIN ya tarakimu 6 mtakayoikumbuka, na tafadhali isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Ukiwa nayo, mwizi atakayezipata zile namba 6 bado atakwama. Na ikiwa umeshanaswa, usione haya: jisajili upya haraka kwa namba yako mwenyewe, na yeye atatolewa. Akiwahi kuweka PIN yake, huenda ukalazimika kusubiri siku 7, ndiyo maana nasema muweke yenu mapema. Wakati huo wapigie simu watu wako kwa sauti, wasidanganywe kwa jina lako.

Picha za kazi za nyumbani zitumeni kama hati, si kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa njiani, na mwandiko wa penseli ukifika kwetu ni ukungu mtupu. Walimu wa hisabati wamelalamika sana.

Mwisho, wazazi wa darasa linalomaliza. Akaunti za Google za shule walizokuwa wakitumia watoto wenu zitafungwa muhula ujao ukianza. Insha zao, miradi yao na picha za maonyesho ya sayansi vimo humo, na tukishafunga hatuna namna ya kuahidi kuvirudisha. Kuna huduma iitwayo Google Takeout inayokusanya kila kitu kwenye faili moja au kadhaa za kupakua. Mkaeni pamoja, maana mtoto ndiye anayejua nywila, nanyi ndio wenye subira ya kungoja faili likamilike. Faili likishashuka, lifungueni mwone kama kweli insha zimo. Mwaka jana familia moja ilihifadhi folda tupu na kugundua tulipokuwa tumeshafunga. Mkiona kuna kilichofutwa kwa bahati mbaya, angalieni kwanza kwenye pipa la taka la Drive (hifadhi ya faili ya Google), kwani faili hukaa humo siku 30 kabla ya kupotea kabisa.

Atakayekwama aje ofisini wiki ya kwanza ya likizo, asubuhi, na aje na mtoto. Mwalimu wa kompyuta atakuwepo. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti, na safari hii nimeihakiki mwenyewe.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu