Daraja la Chambeshi halikuwa kambi

Ndugu Mhariri,

Kila tunapokumbuka ukombozi wa Kusini mwa Afrika, mashambulizi ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo ilipotawaliwa na walowezi, nje ya mipaka yake husimuliwa kama mambo ya mbali: Nyadzonya ya Msumbiji Agosti 1976, Chimoio ya huko huko Novemba 1977, kambi za chama cha ukombozi cha ZAPU nchini Zambia Oktoba 1978. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tukitajwa, hutajwa kwa Mgagao ya Iringa walikofunzwa wapiganaji wa ZANU, chama kingine cha ukombozi wa Zimbabwe, basi.

Mbona hakuna anayesema kwamba na sisi tulipigwa? Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia waliingia kaskazini mwa Zambia wakalipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara. Reli yenyewe ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hii hii inayopita Makambako, Mbeya na Tunduma. Ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ikabidhiwe.

Salisbury, yaani serikali ya Rhodesia, ilizoea kudai inawafuata “magaidi” kwenye maficho yao. Ilidai hivyo hata Nyadzonya, walikouawa watu zaidi ya 1,000 katika kambi ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua kuwa ya wakimbizi. Sasa pale Chambeshi gaidi alikuwa nani, behewa? Kilichopita pale ni shaba ikiteremka bandarini Dar es Salaam, na bidhaa za Zambia zikipanda. Mazungumzo ya Lancaster House, London, kuhusu uhuru wa Zimbabwe, yalikuwa yameanza Septemba, na kwa maoni yangu aliyelengwa ni Kaunda, rais wa Zambia: abanwe tumbo, naye awabane wapiganaji wakubali masharti. Zambia ikabaki kutegemea njia ya kusini, inayopita Rhodesia kwenyewe, na Novemba mahindi yake yakazuiwa huko.

Kwa hiyo naiomba Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika isiishie Mgagao. Iwatafute wastaafu wa reli: madereva wa treni, mafundi wa njia, makarani wa mizigo. Kijana aliyeajiriwa 1976 leo ni mzee wa miaka 70 hivi, na wazee hawa hawajifichi, wengine utawakuta kwenye bao mchana kutwa. Na kwa kuwa Tanzania, Zambia na China zimekubaliana kuifufua TAZARA, katika fedha hizo lisikosekane bango moja kwenye stesheni ya Mbeya, la Kiswahili, linaloeleza kilicholipuliwa Chambeshi, mwaka gani, na nani.

Msomaji wenu,
Mbeya