Chati isiyo na mwaka ing'olewe ukutani

Mhariri,

Usiku wodini, zamu ikiwa na mtu mmoja, dozi ya dawa husomwa kwenye chati, karatasi iliyobandikwa ukutani au faili lililorushwa katika kundi la WhatsApp. Nani ameiandika, na lini? Mara nyingi karatasi yenyewe haisemi.

Chukua artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali. Chati kuukuu huandika miligramu 2.4 kwa kila kilo, mkubwa kwa mdogo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, kwani kwa kipimo kile cha zamani damu yake hupata dawa pungufu kuliko ya mtu mzima. Mtoto wa kilo 15 basi hudungwa miligramu 36 badala ya 45. Hakuna atakayeshtuka, maana chati imefuatwa barabara.

Anayetafuta mwongozo wa tiba wa kuandikia chati aanze na toleo la mwisho la Wizara ya Afya, kisha la Shirika la Afya Duniani. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, ni mizuri, ila imeandikiwa hospitali zenye vipimo tusivyokuwa navyo.

Kuupima ubora mwongozo, ipo AGREE II, dodoso la kazi hiyo: maswali 23, mafungu sita, kila swali alama 1 hadi 7, wapimaji wasipungue wawili. Asiye na muda asome fungu la tatu, swali la 7 hadi la 14: ushahidi ulitafutwaje, ulichujwaje, mwongozo utapitiwa upya lini. Kisha mawili ya mwisho: nani alilipa, na waandishi wana maslahi gani. Hapo ndipo vijitabu vingi vya rangi huanguka.

Mazoea nayo si ushahidi. Kumimina dripu kwa kasi kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kulikuwa kwenye miongozo. Kisha ukaja utafiti wa FEAST wa 2011, ulioijaribu tiba hiyo, uliofanyika pia Kilifi hapa jirani. Ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa, na 7.3 ya wasiomiminiwa.

Tunaiomba idara ya afya ya kaunti iagize kila chati iandikwe jina la mwongozo, toleo, mwaka na ukurasa. Msimamizi wa wodi azikague kila Januari na Julai. Za zamani zing'olewe kabisa, zisifunikwe kwa mpya. Kwa unyevu huu wa pwani gundi haidumu, na ya juu ikidondoka ya chini hurudi kazini.

Wahudumu wa afya,
Malindi