Mshahara "maelewano" ndo kiasi gani? Waajiri tutajieni mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu na wiki iliyopita limenirudia tena kwa mdogo wangu wa kiume, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimewaacha wengine wapite njia ile ile niliyopita mimi. Ni habari ya mshahara, yani ile siku umeitwa intavyuu, umejibu maswali yote vizuri, umeshachoka na jasho linakutoka, halafu mwisho kabisa unaulizwa "sasa dada, wewe ungependa tukulipe shingapi?"

Mi niliulizwa hivo mwezi wa pili 2024. Intavyuu ilifanyika hapa hapa Kigoma, Mwanga, kwenye ukumbi wa kukodi, kazi yenyewe ilikuwa Tabora mjini, mhasibu msaidizi, jina la kampuni silitaji maana sikuandika barua hii kumchafua mtu. Tangazo lao lilisema "mshahara ni maelewano" basi, hakuna kingine. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili na digrii yangu, namsaidia mama dagaa pale Kibirizi, kwahiyo nilivoulizwa nikawaza haraka haraka nikasema laki saba. Hawakubisha hata kidogo. Wakatazamana, mmoja akaandika, wakaniambia sawa. Nilirudi Ujiji na furaha ambayo siwezi kuieleza, nikamwambia mama wamekubali laki saba, mama akafurahi lakini akaniuliza swali moja tu, "mwanangu, ulitaja bei kabla hujajua gharama?"

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa mwisho wa mwezi wa tatu nilivopewa salari slipu ya kwanza. Laki saba, toa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ambayo ni 70,000, toa kodi ya mshahara 42,000, toa mkopo wa chuo unaorudishwa bodi ya mikopo asilimia 15 ambayo ni 105,000. Iliyoingia benki ni 483,000. Hakuna aliyeniibia hapo naomba nieleweke, yote ni makato ya kisheria na mkopo niliukopa mwenyewe, NSSF ni akiba yangu na mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake. Tatizo ni kwamba mi kichwani nilikuwa naishi na laki saba. Chumba cha Isevya, pale Tabora, nilikipanga kwa hesabu ya laki saba, godoro na kitanda nilikopa kwa hesabu ya laki saba, na mama nilimuahidi laki moja na nusu kila mwezi kwa hesabu hiyo hiyo. Halafu tarehe 15 mwezi wa tano mwaka ule ule Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu mpaka katikati ya mwezi wa nane, sikatai lengo lake maana samaki walikuwa wanaisha, ila kwetu ilimaanisha mama hana dagaa wa kuanika na nyumba nzima ya Ujiji inaangalia ile 483,000 ya Tabora.

Mama yangu hajafika darasa la saba lakini akitaka kuuza gunia la dagaa kwa mtu wa Tabora hataji bei mpaka ajue gunia lenyewe shingapi, vibarua wa kuanika na kuanua wamelipwa ngapi, ushuru ngapi, nauli ya mzigo ngapi, na mwezi umefikia wapi maana mwezi ukiwa mweupe wavuvi hawaendi ziwani na dagaa wanapanda bei. Akishapiga hesabu hizo ndo anasema bei, na anayosema ni ile ambayo mkononi itabaki kitu. Mi niliyesomea uhasibu nilitaja bei ya miaka yangu bila kupiga hesabu hata moja. Ningekaa nusu saa tu na karatasi ningejua kwamba mtu mwenye mkopo wa bodi ili ashike laki saba mkononi inabidi mshahara kabla ya makato uwe kama milioni moja na laki moja, piga mwenyewe uone, NSSF 110,000, kodi 125,500, bodi 165,000, inabaki 699,500. Labda wasingenipa, inawezekana kabisa, lakini ningekuwa nimeingia nikijua ninachoingia na kile chumba cha Isevya nisingekipanga.

Hesabu hiyo ina upande wa mwajiri pia na haki itendeke. Kwenye laki saba yangu alikuwa anaongeza 70,000 ya NSSF, asilimia 3.5 ya tozo ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo ni 24,500 kwa sababu tulikuwa zaidi ya wafanyakazi 10, na nusu asilimia ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ambayo ni 3,500. Kwahiyo mimi nilikuwa namgharimu 798,000 wakati nashika 483,000. Bosi anaona analipa karibu laki nane kwanini huyu analalamika, mfanyakazi anaona anapata chini ya laki tano, na wote wanasema ukweli. Wangeongea hizo namba mezani siku ya kwanza pasingekuwa na kinyongo.

Lakini mshahara siyo ndo ulioniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni mstari mmoja kwenye mkataba ambao sikuusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 15 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa pamoja na marupurupu, na humo humo kuna kitu kinaitwa mahali ulipoajiriwa. Mi niliajiriwa Kigoma, intavyuu Kigoma, barua ya ofa niliipokelea Kigoma. Nilivofika Tabora kusaini nikakuta fomu imeshajazwa mahali pa kuajiriwa Tabora, nikaona si ndo hapa nasaini, nikasaini. Baada ya miezi 14 kitengo chetu kikafungwa, tukapewa notisi ya siku 28 kama sheria inavyosema, na wenzangu wawili waliotokea Mwanza wakalipwa kusafirisha familia na mizigo yao kurudi kwao. Nilivoenda kuulizia yangu nikaonyeshwa saini yangu. Kifungu cha 43 kinasema ajira ikikoma ukiwa mbali na ulipoajiriwa mwajiri akurudishe wewe na mizigo yako au alipie usafiri, ila kwa karatasi yangu mimi sikuwa mbali, nilikuwa nyumbani. Nikatafuta nafasi kwenye fuso inayopitia Urambo na Kaliua, nikalipa 180,000 yangu kupakia kitanda, godoro na vyombo, mwenyewe nikapanda treni mpaka Kigoma. Nilikuja kuelezwa na mtu anayejua sheria kwamba ningeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wale wanaosikiliza migogoro ya kazi, na ile barua ya ofa yenye anwani ya Ujiji, lakini madai kama hayo yana siku 60 na zilishapita (aliyeachishwa isivyo halali yeye ana siku 30 tu, wengi hawalijui hilo mpaka zimeisha).

Sasa mdogo wangu. Ni fundi umeme, amesoma chuo cha ufundi, wiki iliyopita akapigiwa simu na mkandarasi mmoja mwenye kazi mkoa wa Tabora, swali likawa lile lile, "unataka shingapi?" Bahati nzuri aliwaambia naomba niwapigie kesho asubuhi. Usiku tukakaa na mama kwenye mkeka na karatasi. Asubuhi akapiga, badala ya kutaja akauliza kwa heshima "samahani kaka, nafasi hii mmeitengea kiasi gani?" Kukawa kimya kidogo kwenye simu, halafu yule kaka akasema laki sita. Akauliza ni kabla ya makato au baada, akaambiwa kabla. Akaomba laki saba na nusu, akaeleza ana leseni na amefanya kazi kama hiyo Kasulu miaka mitatu, wakamwambia bajeti imefungwa. Hapo ndo wengi tunakata simu, ama tunakubali kinyonge ama tunakasirika. Yeye akaendelea, akauliza je malazi, akaambiwa mwezi wa kwanza watamlipia, akauliza nauli ya kwenda na mzigo, wakakubali, akauliza ovataimu inalipwaje maana sheria ni saa 45 kwa wiki na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, wakasema ndiyo na laki zote sita ni mshahara wa msingi siyo nusu yake posho. Hili la posho liangalieni jamani, kuna watu wanaambiwa laki sita kumbe mshahara wa msingi ni laki tatu na zilizobaki ni posho ya hiki na kile, siku ya ovataimu au ya kiinua mgongo hesabu inapigwa kwenye ile laki tatu. Mwisho akaomba kwenye mkataba mahali pa kuajiriwa paandikwe Kigoma. Wameandika, mkataba nimeusoma mwenyewe.

Mshahara haukupanda hata shilingi moja. Ila mdogo wangu hana mkopo wa bodi, laki sita yake baada ya NSSF 60,000 na kodi 24,000 inabaki 516,000, anashika zaidi yangu mi niliyekuwa naitwa wa laki saba, na chumba cha mwezi wa kwanza juu. Na mama amejua kabisa ategemee kiasi gani.

Najua watakaosoma watasema dada huko Kigoma kazi zenyewe ziko wapi mpaka mtu achague. Ni kweli. Kazi za halmashauri na serikali ngazi za mshahara zimeshapangwa hakuna cha kujadili, mashirika ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu mikataba ni mifupi na watu wanaogopa kuuliza wasije wakaachwa awamu ijayo, kwahiyo anayebaki na nafasi ya kuongea ni yule wa kampuni binafsi na mkandarasi, na huko ndo nje kuna vijana mia na bahasha zao. Na sitasema kuuliza hakuna hatari maana nitakuwa nadanganya. Kijana wa jirani yetu aliuliza tu mshahara ukoje akaambiwa tutakupigia na hawakupiga mpaka leo. Wengine wanadaiwa salari slipu ya kazi ya zamani ili waongezewe kidogo juu yake, kwahiyo ukianza kazi yako ya kwanza kwa kutaja bei ya chini unaweza ukaibeba hiyo bei miaka kumi. Kwa sababu hiyo mimi siridhiki tukiishia kuwafundisha vijana kuuliza. Mwenye bajeti ni mwajiri. Yule kaka wa mkandarasi alikuwa na laki sita yake kabla hata hajainua simu, na kampuni yangu ya Tabora ilikuwa na kiasi chake kabla ya mimi kuingia ukumbini pale Mwanga, mpaka leo sijui kilikuwa shingapi na nikikumbuka walivotazamana bado roho inaniuma. Kwanini anayejua namba amuulize asiyejua?

Kwahiyo nawaomba waajiri wa Kigoma na Tabora, na wa kwingine pia, kwenye tangazo andikeni kiasi, hata kama ni kuanzia laki tano mpaka laki saba, na muandike ni kabla ya makato. Mtapunguza hata wale wanaosafiri kutoka Kibondo na Kakonko kwa nauli ya kukopa kuja kwenye intavyuu ya kazi ambayo wangejua mshahara wasingeiomba. Mkataba mpeni mtu akae nao hata usiku mmoja kabla ya kusaini, na mahali alipoajiriwa pajazwe naye akiwepo.

Na wewe Mhariri nina ombi, matangazo mengi ya kazi yanapita mikononi mwako kabla hayajatufikia sisi. Linapokuja tangazo limeandikwa "mshahara ni maelewano" au "mshahara mnono", naomba mmpigie aliyeleta mumuulize swali lile lile alilouliza mdogo wangu, nafasi hii mmeitengea kiasi gani, halafu jibu lake mlichape.

Wako,
Msomaji wa Ujiji, Kigoma